Pikapu Iliyowekwa Karantini

Bwana Mifugo alinunua gari jipya, akaliweka karantini.

Sisemi kwa utani. Pikapu ilitoka Arusha ikiwa bado na nailoni kwenye viti. Akaiegesha nyuma ya nyumba, mbali na ng'ombe wake wawili, mbali hata na gari la jirani, akatangaza kwamba haitatoka kwa siku ishirini na moja. Aliniambia mimi kutoka getini, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa karibu.

"Mnyama mgeni haingizwi kwenye kundi siku ya kwanza, fundi. Unamweka pembeni. Kama amekuja na ugonjwa, utajionyesha."

Nikamuuliza gari linaweza kuwa na ugonjwa gani. Kwa kweli sikumuuliza. Nilitaka kumuuliza, lakini mimi si mtu wa kuuliza, nikaendelea kushona.

Wakati huo mkoa wa Manyara ulikuwa mpya, na Babati ilikuwa bado haijazoea kuitwa makao makuu. Maofisa walikuja kutoka kila upande wa nchi. Kila ofisa alikuja na mke, na kila mke alikuja na madirisha, kwa hiyo mimi nilishona mapazia mpaka vidole vikaota sugu. Cherehani yangu ilikaa kwenye baraza la duka moja pale Maisaka, na geti la Bwana Mifugo lilikuwa ng'ambo ya barabara. Kwa miaka saba nilimwona akitoka na kuingia. Aliniita fundi, mimi nikamwita Bwana Mifugo, kama watu wote. Alikuwa amekwisha kustaafu kutibu mifugo ya serikali, lakini jina halikustaafu. Padri alimwita hivyo. Watoto wa shule walimwita hivyo. Mke wake alimwita Baba Paskali siku za kawaida, na siku za hasira akamwita Bwana Mifugo kama sisi wengine.

Mkono wake wa kulia ulikuwa na sifa mjini. Ulikuwa umeingia ndani ya ng'ombe wengi kuliko ndama waliotoka humo. Kanisani, ikifika wakati wa kutakiana amani, watu waliokaa karibu naye walikuwa ghafla na kazi ya kutafuta ukurasa kwenye kitabu cha nyimbo. Yeye alijua. Aliwafuata benchi kwa benchi, ameunyoosha mkono, anatabasamu.

"Amani iwe kwako. Umeoshwa, shika."

Kwa mnyama hakujua woga. Nilimwona kwa macho yangu akimwendea dume lililokuwa limemtoboa mtu paja mnadani, akalishika sikio, akalisema kama mtoto aliyemwaga maziwa. Likasimama. Akamaliza kulichoma sindano, akatoa mhindi wa kuchoma mfukoni, akaendelea kuula alipoishia. Sikuuliza kama alinawa.

Mtu huyohuyo aliogopa pikapu.

Kila asubuhi, kabla ya chai, alifungua boneti akaweka masikioni kile kipimo chake cha zamani cha kusikilizia mapigo ya moyo. Kule mbele akakigusisha kwenye injini, hapa na pale, amefumba macho. Kisha akazunguka nyuma, akainama kwenye bomba la moshi, akaunusa, kama alivyozoea kunusa kinyesi cha ndama. Kisha akaandika. Gari lilikuwa na kadi, moja ya zile kadi za matibabu ya ng'ombe zilizobaki nyumbani kwake tangu kazini. Siku moja aliiacha juu ya meza yangu nikaisoma. Rangi: nyeupe. Jinsia: hapo ameacha wazi. Hamu ya chakula: nzuri. Moshi: mwembamba, hauna harufu mbaya. Chini kabisa, kwa herufi za kukandamiza: Linaficha kitu.

Wanaume waliokaa pale dukani hawakumwacha apumue. Mjini kwetu gari jipya lilikuwa la serikali au la mradi wa wazungu. Mtu wa kawaida alinunua lililotumika, akashukuru.

"Bwana Mifugo, si ungechukua tu mtumba?"

"Mtumba ni kama kuoa mjane," akasema. "Lazima ujiulize yule wa kwanza aliuawa na nini."

"Sasa umepata bikira, mbona hulali?"

"Huyo naye sijui kama anakoroma."

Nilijiinamisha chini ya cherehani kama mtu aliyedondosha sindano, nikakaa huko mpaka kicheko kilipoisha.

Akalipeleka kubarikiwa. Yeye na mke wake ni Wakatoliki, kwa hiyo padri alisoma sala na kulinyunyizia maji ya baraka, na kabla padri hajafunga kitabu Bwana Mifugo alikuwa ameshatoa kitambaa anayafuta, ili bati lisipate kutu. Jioni yake akalipitisha polepole mbele ya nyumba ya mchungaji wa Kilutheri, akamkuta nje, akamwomba naye aliwekee mkono.

"Lakini padri si ameshalibariki?" mchungaji akauliza.

"Daktari mmoja hatoshi," akasema Bwana Mifugo.

Sasa niseme gari lilinunuliwa kwa nini, maana bila hilo mtu anaweza kudhani huyu alikuwa mzee anayechezea kiinua mgongo chake.

Mama Paskali alikuwa na mama yake juu kwenye nyanda za Mbulu, upande wa Dongobesh. Bibi huyo alikuwa amebaki peke yake shambani. Nyonga yake iliwahi kuvunjika ikaunga vibaya. Hakuweza kupanda ngazi za basi, wala kukaa kwenye kiti cha basi kwa njia ile ya kutingishwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Jirani alimletea maji na kuni. Mama Paskali alipanda kumwona mara mbili au tatu kwa mwaka, na kila akirudi alipita kwenye baraza langu na kukaa kwenye kigoda bila kuongea.

"Mama yangu anaishi na kuku watatu," aliniambia mara moja. "Asubuhi wanaomjulia hali ni kuku."

Kwa miaka mingi mume wake alimwahidi: tukipata gari tutamshusha, aje akae na sisi. Chumba kilikuwa tayari. Nilishona pazia lake mimi mwenyewe, la maua ya njano. Gari likapatikana. Siku ishirini na moja za karantini zikaisha. Miezi mitatu ikaisha. Pazia likaanza kupauka upande wa jua, na bibi alikuwa bado juu na kuku wake.

Kwa sababu Bwana Mifugo alikuwa amelichorea gari mipaka. Lilikwenda Sigino, likarudi. Lilikwenda Singe, likarudi. Na kila lilipokwenda, baiskeli yake ilikuwa imelazwa nyuma kwenye bodi, imefungwa kamba, pampu juu yake. Hakwenda mahali ambako baiskeli isingeweza kumrudisha kabla ya giza.

"Bwana Mifugo," wakamwita wa dukani, "leo nani kampanda mwenzake? Gari au baiskeli?"

"Cheka," akasema. "Baiskeli hii ina miaka kumi na tisa, najua magonjwa yake yote. Hili linanitazama tu."

Usemi wake mkubwa ulikuwa kwamba mnyama mzima ni yule ambaye bado hujampima vizuri. Aliusema juu ya ng'ombe, juu ya gari, juu ya wagombea wa uchaguzi, na mara moja juu ya mchumba aliyeletwa na mwanawe, akiwa amekaa naye meza moja.

Usidhani woga wake haukuwa na asili. Nilikuwa namfupishia suruali siku aliyonieleza, na nadhani alieleza kwa sababu nilikuwa na pini mdomoni nisingeweza kumjibu. Akiwa bado kazini, ofisi ilikuwa na gari moja kuukuu. Siku hiyo alipakia sanduku la chanjo lenye barafu, akaenda kwa wafugaji waliokuwa wamekwisha kukusanya mifugo wakimsubiri. Gari likazima katikati ya mbuga. Dereva akagonga hapa, akanyonya mpira pale, halikuwaka. Bwana Mifugo akakaa chini ya gari kwenye kivuli, amelikumbatia sanduku, akisikia barafu inavyoyeyuka na kugongana ndani. Kesho yake alipofika, chanjo ilikuwa maji tu. Baada ya siku chache ugonjwa ukafika nao.

"Walikuwa watu wapole," akasema. "Hawakunitukana. Wakanionyesha zizi. Unajua zizi likiwa kimya, fundi?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi. Fupisha, lakini usiibane. Mimi bado nachuchumaa."

Kwa hiyo aliamini kwamba gari ni kitu kinachokuacha siku unayokitegemea, na kwamba pikapu hii haikuharibika mpaka sasa kwa sababu ilikuwa inasubiri siku hiyo. Hakuna fundi wa magari aliyeweza kumtoa hapo. Akiambiwa ni zima, aliondoka na uso wa mtu aliyefichwa habari za msiba.

Alichokiogopa kupita vyote ni dizeli. Alisema injini ya dizeli ina tumbo laini kama la ndama, na dizeli ya sheli ina maji, ina mafuta ya taa, ina mchanga, ina laana. Akaanza kuinunua kwenye madumu. Dumu lilikaa siku tatu stoo ili uchafu utulie chini. Baada ya hapo ilibidi ichujwe, na kwa hilo akavuka barabara kuja kwangu.

"Fundi, nishonee mfuko wa kuchujia. Umbo la faneli. Nataka kitambaa ambacho hata dhambi haipiti."

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Nionyeshe vitambaa."

Nikampa kaki. Akaivuta, akaitazama juani, akasema ni kama chandarua. Nikampa shuka. Akakataa. Akaingiza mkono mwenyewe kwenye boksi langu la vipande, akatoa kile kitambaa cha pinki cha kushonea nguo za watoto wachanga, chenye manyoya laini. Akakipapasa kwa vidole viwili kama anavyopapasa ngozi ya mnyama.

"Hiki," akasema. "Hiki kina huruma."

Mimi nilikijua kitambaa kile. Kila nikikishona napiga chafya siku nzima, na jioni nikijitazama kwenye kioo nina nyusi za pinki. Kinatoa manyoya. Nilipaswa kusema neno moja tu: kinanyonyoka. Maneno yakafika mpaka kooni, yakanitazama, yakarudi. Yeye alikuwa mtu mzima, alikuwa na kadi na kipimo, mimi ni mwanamke niliyeishia darasa la saba. Nikamshonea mfuko, nikapinda mara mbili, na kwa kuwa ulikuwa mzuri akanisifu mbele ya wa dukani.

Kuanzia siku hiyo kila tone la dizeli lililoingia kwenye pikapu ile lilipita kwenye nguo ya mtoto mchanga.

Kilichovunja mambo ni ng'ombe. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, barabara ya Magugu ilikuwa uji mtupu. Akaja mtu amelowa, akasema ng'ombe wake wa maziwa ana siku ya pili anazaa, mguu mmoja umetoka na mwingine haujulikani ulipo. Bwana Mifugo aliingia stoo, akatoka na kamba, sabuni na buti, akaruka ndani ya gari. Hakusikiliza injini. Hakunusa moshi. Baiskeli ilibaki imeegemea ukuta. Nikaliona gari linatokomea na maji yanaruka pande zote mbili kama mabawa.

Alirudi jioni, tope mpaka kwenye paa, anaimba. Alitujulisha sote barabarani: "Jike! Na mama yake amesimama!" Akafungua mlango, akashuka, na hapo ndipo nilipomwona anagundua alikokuwa amekwenda na kurudi. Akalitazama gari. Mama Paskali alikuwa amesimama getini.

"Umefika Magugu," akasema.

"Nimefika."

"Kwenye tope."

"Ng'ombe alikuwa anakufa, Mama Paskali."

"Kumbe," akasema yule mama, taratibu sana. "Kwa ng'ombe wa watu gari ni zima. Kwa mama yangu ni bovu."

Hakuna aliyecheka, hata dukani.

Kesho yake asubuhi nilipofika kufungua cherehani, Mama Paskali alikuwa ndani ya pikapu, kiti cha mbele upande wa abiria, amevaa kitenge cha Pasaka na viatu vya kwendea kanisani, kikapu mapajani. Mume wake alikuwa amesimama nje ya dirisha.

"Shuka tunywe chai."

"Ilete hapa."

"Leo haifai. Nataka kwanza nibadilishe—"

"Badilisha. Nipo."

Akakaa. Saa tatu zikapita. Akanywa chai humo. Akaniita nikampelekea ungo, akachambua mchele humo. Mwanamke wa jumuiya akaja kumwona, akapokelewa humo, kwenye kiti cha dereva, wakasali humo. Bwana Mifugo alizunguka nyumba, kila akitokea kona hii anamkuta, anazunguka tena. Ilipofika saa nne akaja amevaa kofia.

"Atakayekaa nyuma na mizigo ni nani?" akauliza, kwa sauti ya mtu anayetafuta sababu ya mwisho.

"Fundi," akasema Mama Paskali, bila kunitazama. "Fundi, funga cherehani."

Ndiyo maana nilikuwepo.

Mpaka Dareda tulikwenda vizuri, ingawa tulipitwa na mtu wa punda. Pale chini ya mlima Bwana Mifugo akasimama, akashuka, akausikiliza moyo wa gari, akaandika kwenye kadi. Kisha tukaanza kupanda. Mimi nilikuwa nyuma kwenye bodi, nimekalia magodoro yaliyowekwa kwa ajili ya bibi, naiona nchi yote ya Babati inashuka chini yangu. Kona ya kwanza sawa. Kona ya pili sawa. Baada ya hapo injini ikaanza kusita, kama mtu anayesahau katikati ya sala. Ikavuta, ikaacha. Ikavuta kidogo. Ikazima.

Bwana Mifugo akaweka mawe kwenye matairi yote manne. Akafungua boneti. Na mnisamehe, lakini nililiona lile tabasamu. Alikuwa kama mtu ambaye kwa miezi minne amekuwa akiwaambia watu kuna nyoka ndani ya nyumba, hatimaye nyoka katoka.

"Nilisema," akasema. "Mlinicheka. Nilisema au sikusema?"

Mama Paskali akashuka.

"Ulisema, Bwana Mifugo. Umeshinda. Sasa mama yangu atashushwa na huo ushindi?"

Akavua viatu vya kanisani, akavitia kwenye kikapu, akaweka kikapu kichwani, akaanza kuupanda mlima kwa miguu. Hakuwa anatishia. Nilimwona mpaka akakata kona, na nyayo zake nyeupe hazikugeuka nyuma hata mara moja.

Mume wake akabaki na kipimo masikioni. Tabasamu likawa limeondoka. Akalisikiliza gari mbele, akalisikiliza tangini, akalala chini akalisikiliza tumboni. "Halimezi," akasema. "Chakula kipo tumboni ila halimezi." Nakumbuka hivyo kwa sababu ilikuja kuwa kweli.

Lori la vitunguu saumu lilikuwa linashuka kutoka Mbulu. Dereva wake, mtu mnene mwenye taulo shingoni, akasimama bila kuombwa. Akauliza mambo mawili, akachukua spana, akafungua filta ya dizeli, akaimimina kwenye kopo. Ikatoka dizeli kidogo. Halafu kikafuata kitu kama kifaranga kilicholowa. Cha pinki.

Dereva akakichokoa kwa kidole. "Wazee," akasema, "hili gari mmelilisha blanketi?"

Bwana Mifugo akakitazama kile kitu. Mimi nikakitazama. Nilijua kwamba nikinyamaza hapa, atarudi Babati na kuandika kwenye kadi kwamba gari lilizaliwa bovu, hatalipandisha tena mlima huu, na pazia la maua ya njano litapauka lote. Mama Paskali alikuwa huko juu peku.

"Ni kitambaa changu," nikasema. "Kinatoa manyoya. Nilijua siku ile, sikusema. Gari halina kosa."

Nadhani hayo yalikuwa maneno mengi zaidi niliyowahi kumwambia. Dereva wa lori alikuwa anatutazama kwa zamu, ametoa macho.

"Kitambaa nani alikichagua?" Bwana Mifugo akauliza.

"Ni wewe."

"Nani alikitoa kwenye boksi?"

"Wewe."

"Basi nyamaza, fundi." Akakichukua kile kifaranga kutoka kwenye kopo, akakiviringa kiganjani. "Miaka thelathini," akasema, si kwangu wala kwa dereva, "nimewaambia watu ng'ombe wao wanakufa kwa kulishwa upuuzi na wenyewe."

Dereva akaosha filta kwa dizeli yake mwenyewe, akapiga pampu ya mkono mpaka hewa ikatoka, akasema washa. Likawaka mara moja, kama halijawahi kuwa na hatia. Tukamkuta Mama Paskali kona ya tano, anatembea katikati ya barabara. Bwana Mifugo akapunguza mwendo akawa sambamba naye.

"Panda."

Akaendelea kutembea.

"Mama Paskali, panda. Ni kile kitambaa."

"Gari ni zima au si zima?"

"Ni zima."

"Mpaka wapi?"

Gari linaenda, mke anaenda, mimi nyuma nimeshika ukingo wa bodi kwa mikono miwili.

"Mpaka kwa mama," akasema.

Akapanda.

Bibi alikuwa mdogo kuliko nilivyofikiri. Bwana Mifugo alimbeba mikononi kutoka mlangoni hadi garini. Mkono ule wa kulia ulikuwa chini ya nyonga yake, na sijawahi kumwona mtu akibeba kitu namna ile. Magodoro hayakutumika, bibi alikataa kulala nyuma kama mzigo, akataka mbele. Sisi wanawake wawili tukakaa nyuma na kuku watatu. Baadaye Bwana Mifugo aliniambia kwamba njia nzima ya mlima bibi alisema jambo moja tu: "Mkwe, huyu mnyama wako ni mvivu. Mchape."

Alikaa Babati miaka miwili. Alilipenda gari kuliko chumba. Kila Jumapili baada ya Misa ilibidi azungushwe, mpaka ziwani akaone viboko, mpaka sokoni akawatukane wauza viazi kwa bei yao, na Bwana Mifugo aliendesha huku amenyooka kama dereva wa mkuu wa mkoa. Aliacha kusikiliza injini asubuhi. Badala yake alimsikiliza bibi mgongoni kwa kile kipimo, akamwandikia kadi. Bibi akamwambia akithubutu kumnusa atampiga.

Mwaka wa tatu, wakati wa baridi, bibi alifariki usingizini. Alikuwa amesema akazikwe kwao juu. Wakaondoka asubuhi, pikapu mbele, jeneza nyuma kwenye bodi, Mama Paskali amekaa pembeni yake juu ya mkeka, na magari mawili ya majirani yakifuata. Mimi sikwenda, nilikuwa nashona vitambaa vyeusi vya waliobaki.

Walirudi kesho yake alasiri. Watu wakaingia ndani na Mama Paskali, uani kukawa na vilio tena. Bwana Mifugo akabaki nje na gari. Nikavuka barabara. Suti yake ilikuwa na vumbi la mlima mpaka kwenye nyusi, na alikuwa ameegemea mlango wa dereva.

"Pole, Bwana Mifugo."

"Nimeshapoa." Halafu akalipiga gari kofi kwenye ubavu, kofi la nguvu, bati likalia. "Shenzi hili."

Nikamtazama.

"Pale mlimani nilikuwa nawaona kwenye kioo. Mama Paskali amelaza kichwa juu ya jeneza, anamwongelesha mama yake kwa Kiiraqw. Nikasema basi, lizime. Kona hii, au ile. Lizime hata saa moja, tuweke mawe kwenye matairi, wakae pamoja kidogo. Nikapunguza. Nikaweka gia mbaya makusudi." Akatikisa kichwa. "Halikukohoa, fundi. Lilipanda mlima wote kama limetumwa."

Akaniachia funguo mkononi, kama mtu asiyetaka kuzishika tena siku hiyo, akaenda kuingia ndani kwa mkewe.